Kulinganisha vifo vya makundi mawili katika jaribio la dawa: hesabu nzima kwa mkono

Kati ya Oktoba 2005 na Julai 2010, watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali katika nchi tisa za Afrika waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano za atesuneti, jingine likapewa kwinini, dawa iliyotegemewa wodini kwa miaka mingi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Jaribio liliitwa AQUAMAT na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliopangiwa atesuneti walikuwa 2,712, na 230 kati yao walifariki. Waliopangiwa kwinini walikuwa 2,713, na 297 walifariki.

Pengo ni watoto 67. Je, limeletwa na dawa, au mgao wa bahati nasibu uliangukia vibaya tu upande wa kwinini?

Programu ya kompyuta inajibu swali hili kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo, kila ninapofundisha takwimu kwa wauguzi na maafisa afya, nawaomba wafanye hesabu hii kwa mkono walau mara moja. Anayeifanya mwenyewe haiogopi tena thamani ya p (namba inayosema bahati pekee ingeleta pengo kubwa kiasi hiki mara ngapi), wala haiabudu. Unahitaji karatasi, kalamu, na kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili. Cha simu kinatosha. Kwenye simu nyingi ukiilaza ubavu vitufe vya ziada vinajitokeza.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuzitazama namba

Jaribio la nadharia tete huanza kwa kukubali, kwa muda, kauli ambayo huenda tusiipende: hakuna tofauti. Kwa mfano wetu, nadharia tete inasema uwezekano wa mtoto kufariki ni uleule, awe amepewa atesuneti au kwinini. Mbadala wake unasema uwezekano huo si sawa. Kisha tunauliza: kama kweli hakuna tofauti, pengo kubwa kiasi hiki lingetokea mara ngapi kwa bahati tu?

Angalia nilivyoandika mbadala. Sikusema "atesuneti ni bora". Nimesema "si sawa". Hilo ndilo jaribio la pande mbili, na nalisisitiza kuliko jambo lolote katika mwongozo huu. Wengi hushawishika kupima upande mmoja kwa kuwa wana hakika dawa mpya haiwezi kudhuru, na p ya upande mmoja ni nusu ya ile ya pande mbili, kwa hiyo inapendeza zaidi machoni.

Kumbuka yaliyotokea katika jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walifunguliwa dripu ya haraka, ya maji ya chumvi au ya albumini, na wengine wakapewa maji ya kawaida ya kutunza mwili bila kuharakishwa. Dripu ya haraka ilikuwa ndiyo tiba iliyoaminiwa duniani. Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa, watoto wakiwa 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa, kwa sababu waliofunguliwa dripu ya haraka walikuwa wakifariki zaidi. Mtu aliyejifungia kupima faida peke yake angesoma p iliyo karibu na 1, aandike "faida haikuonekana", kisha aendelee na kazi nyingine. Pima pande mbili. Tutairudia hesabu ya FEAST mwishoni, na wewe ndiye utakayeifanya.

Andika pia kizingiti chako mapema, yaani p ambayo ikishuka chini yake utaikataa kauli ya "hakuna tofauti". Desturi ni 0.05. Si amri ya mbinguni, lakini ukishaiandika usiisogeze baada ya kuona matokeo.

Hatua ya 2: Jaza visanduku vinne

| | Walifariki | Walipona | Jumla |
|---|---|---|---|
| Atesuneti | 230 | 2,482 | 2,712 |
| Kwinini | 297 | 2,416 | 2,713 |
| Jumla | 527 | 4,898 | 5,425 |

Jumlisha kwenda chini na kwenda pembeni. Zote mbili lazima zikutane kwenye 5,425. Zisipokutana, simama hapo hapo utafute kosa.

Safu ya "Jumla" ndiyo yenye mitego. Anayehesabiwa ni kila aliyepangiwa dawa ile, hata kama hakuimaliza, hata kama alibadilishiwa njiani. Inauma kumhesabu upande wa atesuneti mtoto aliyepata dozi moja tu. Lakini ukianza kuwatoa waliokatiza, unawatoa kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ni kwamba hali zao zilizidi kuwa mbaya. Hapo mgao wa bahati nasibu, uliofanya makundi yafanane, unakuwa umeuvunja kwa mkono wako.

Hatua ya 3: Tafuta asilimia za kila kundi

Atesuneti: 230 ÷ 2,712 = 0.08481, yaani asilimia 8.5.
Kwinini: 297 ÷ 2,713 = 0.10947, yaani asilimia 10.9.
Tofauti: 0.10947 − 0.08481 = 0.02466, yaani pointi 2.5 za asilimia.

Usikate desimali mapema. Ukitumia 8.5 na 10.9 zilizokwisha kukadiriwa, tofauti inakuwa 2.4, na kosa hilo dogo litakusindikiza hadi mwisho wa hesabu. Beba desimali tano.

Hatua ya 4: Changanya makundi yote kuwa moja

Hapa watu wengi hufuata fomula bila kuelewa, na hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Chukua vikaratasi 5,425 uvitie kwenye gunia. Vikaratasi 527 vina alama, navyo ni vifo. Tikisa gunia vizuri. Sasa toa vikaratasi 2,712 bila kuangalia uviite "atesuneti". Vinavyobaki viite "kwinini". Hivyo ndivyo dunia inavyokuwa kama dawa hizi hazitofautiani: mtoto alikuwa afariki au apone vilevile, na jina la dawa ni lebo tu iliyobandikwa juu yake.

Katika dunia hiyo, utegemee vikaratasi vingapi vyenye alama upande wa atesuneti? Karibu nusu ya 527, yaani 263 na kitu. AQUAMAT ilipata 230. Ni pungufu ya 33 kuliko matarajio.

Gunia nalo haliwi sawa kila unapolitikisa. Mara utatoa 258, mara 271, mara 249. Kwa namba hizi kuyumba kwa kawaida ni kama vikaratasi 11 juu au chini. Upungufu wa 33 ni sawa na kuyumba kwa kawaida mara tatu hivi. Kumbuka hiyo "mara tatu", kwa sababu fomula itaturudisha pale pale.

Ndiyo maana tunatafuta asilimia ya pamoja: chini ya kauli ya "hakuna tofauti", makundi mawili ni gunia moja.

Asilimia ya pamoja: 527 ÷ 5,425 = 0.09714.

Hatua ya 5: Pima kuyumba kwa bahati

Kipimo cha kuyumba huko kinaitwa kosa sanifu. Kipate hivi:

Zidisha asilimia ya pamoja na kinyume chake: 0.09714 × (1 − 0.09714) = 0.09714 × 0.90286 = 0.08770.

Gawanya 1 kwa kila jumla ya kundi, kisha jumlisha: 1 ÷ 2,712 + 1 ÷ 2,713 = 0.00036873 + 0.00036860 = 0.00073733.

Zidisha majibu hayo mawili: 0.08770 × 0.00073733 = 0.00006467.

Tafuta kipeuo cha pili: 0.00804.

Kosa ninalokutana nalo zaidi darasani ni kusahau kipeuo cha mwisho. Utalijua kwa macho, kwa sababu hatua inayofuata itakupa z (tofauti iliyogawanywa kwa kosa sanifu) inayozidi 380. Z ya namna hiyo katika jaribio la dawa si ya kushangilia. Rudi ubonyeze kitufe ulichokiruka. Kosa la pili ni kujumlisha 2,712 na 2,713 kwanza ndipo kugawanya. Kila kundi ligawanywe peke yake, ndipo ujumlishe.

Hatua ya 6: Pata z, kisha p

z = 0.02466 ÷ 0.00804 = 3.07

Hiyo hapo ile "mara tatu" ya gunia. Tofauti tuliyoiona imezidi kuyumba kwa kawaida mara tatu na ushei. Kwa kizingiti cha 0.05 cha pande mbili, mpaka ni 1.96, kwa hiyo tumeuvuka.

Ukitumia jedwali la mtawanyiko wa kawaida, tafuta 3.07: utakuta 0.9989. Toa kwenye 1, unapata 0.0011. Zidisha kwa 2, maana tunapima pande mbili: p = 0.0022. Ndiyo namba iliyochapishwa kwenye ripoti ya AQUAMAT, na wewe umeifikia kwa kalamu.

Ukitaka kuhakikisha kwenye Excel, andika:

=2*(1-NORM.S.DIST(3.067,TRUE))

Na kwenye programu ya R:

prop.test(c(230,297), c(2712,2713), correct=FALSE)

Usipoandika hiyo correct=FALSE, R itafanya marekebisho madogo yenyewe na kukupa p ya 0.0025. Si kosa, ni njia yenye tahadhari zaidi. R pia haitakuonyesha z bali namba inayoitwa kai-mraba, ambayo bila marekebisho ni 9.41. Hiyo ni z iliyozidishwa kwa yenyewe. Anayekwambia alitumia jaribio la kai-mraba kwenye visanduku vinne na anayekwambia alitumia z wamefanya jambo lilelile.

Maana yake sasa. Kama dawa hizi zisingetofautiana hata kidogo, na tukatikisa gunia mara 1,000, pengo kubwa kama hili au kulizidi, kwa upande wowote, lingejitokeza mara 2 hivi. Ni nadra mno, kwa hiyo tunaikataa kauli ya "hakuna tofauti". Hatujasema uwezekano wa atesuneti kutofanya kazi ni asilimia 0.2. Kauli hizo mbili husikika kama pacha, lakini p huhesabiwa *tukishakubali* kwamba tofauti haipo. Haiwezi tena kutuambia tofauti hiyo ina uwezekano gani wa kuwapo.

Hatua ya 7: Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Ukiishia kwenye p, hujamsaidia daktari. Yeye anataka kujua ni watoto wangapi.

Kwa masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani namba mbili ambazo tofauti ya kweli huenda imo kati yake, tunahesabu kosa sanifu upya, safari hii bila kuchanganya makundi, kwa sababu hatuko tena katika dunia ya "hakuna tofauti". Kila kundi hubaki na asilimia yake:

0.08481 × 0.91519 ÷ 2,712 = 0.00002862
0.10947 × 0.89053 ÷ 2,713 = 0.00003593

Jumlisha, tafuta kipeuo: 0.00803. Zidisha kwa 1.96: 0.0157. Kisha toa na uongeze kwenye tofauti yetu ya 0.0247: masafa ni kuanzia 0.9 hadi 4.0, kwa pointi za asilimia.

Gawanya 1 kwa 0.02466, unapata 40.5. Katika kila watoto 41 wanaotibiwa kwa atesuneti badala ya kwinini, kifo kimoja kinaepukwa. Kwa wodi ya watoto msimu wa mvua, 41 si watoto wengi. Kwa mizani ya uwiano, 0.08481 ÷ 0.10947 ni 0.775, yaani vifo vimepungua kwa asilimia 22.5. Ripoti nyingi za magazeti huchukua 22.5 na kuiacha 2.5, kwa sababu ya kwanza ina kishindo. Ziandike zote mbili.

Sentensi ya matokeo inaweza kusomeka hivi: "Walifariki watoto 230 kati ya 2,712 (asilimia 8.5) waliopangiwa atesuneti na 297 kati ya 2,713 (asilimia 10.9) waliopangiwa kwinini, tofauti ni pointi 2.5 za asilimia, masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.9 hadi 4.0, p = 0.002." Namba ghafi zitangulie daima. Msomaji akiwa nazo anaweza kurudia kazi yako yote, kama ulivyofanya wewe hapa.

p ikiwa kubwa

Tuseme jaribio lingekuwa na watoto 200 tu kila upande, wakafariki 17 upande mmoja na 22 upande wa pili. Asilimia ni 8.5 na 11, karibu sawa kabisa na AQUAMAT. Rudia hatua: kosa sanifu ni 0.0297, z ni 0.84, na p inafika 0.40. Dawa ni zilezile, pengo ni lilelile, na bado "hakuna tofauti yenye maana kitakwimu".

Sentensi hiyo imeua dawa nzuri. Kinachotakiwa kuandikwa ni kwamba jaribio lilikuwa dogo mno kutoa jibu, na masafa ya uhakika yatalionyesha hilo yenyewe: yanaanzia upande wa madhara hadi upande wa faida kubwa. Kukosa ushahidi wa tofauti si ushahidi kwamba tofauti haipo. Malaria kali ilihitaji watoto zaidi ya 5,000 na karibu miaka mitano ili pengo la pointi 2.5 lionekane waziwazi.

Usiitumie hesabu hii hapa

Kama kisanduku chochote kati ya vile vinne kingetegemewa kuwa na watu chini ya 5 (yaani matarajio ya gunia, si namba uliyoiona), tumia jaribio la Fisher, ambalo huhesabu migao yote inayowezekana bila kukadiria. R inaliita fisher.test.

Kama waliogawanywa ni vijiji au zahanati, si mtu mmoja mmoja, kama inavyofanyika kwenye majaribio mengi ya vyandarua, fomula hii itakudanganya. Watu wa kijiji kimoja hushiriki mbu, maji na zahanati moja. Watu 100 wa kijiji kimoja hawatoi habari sawa na watu 100 waliotawanyika. Kosa sanifu litatoka dogo kuliko ukweli na p itang'aa bila haki. Hapo mtafute mtakwimu kabla ya kukusanya data, si baada.

Kama mtu yuleyule amepimwa kabla na baada ya dawa, hayo si makundi mawili. Tumia jaribio la McNemar.

Na kama umepima matokeo 20 tofauti, tegemea moja kuvuka kizingiti cha 0.05 kwa bahati tupu. AQUAMAT ilihesabu pia degedege, kushuka kwa sukari na kuzidi kwa hali ya kutojitambua, lakini tokeo kuu lilikuwa limetajwa tangu mwanzo: kifo hospitalini. Lako nalo litaje mapema, liandike kwenye itifaki, tia tarehe.

Sasa ni zamu yako

Hizi ndizo namba za FEAST kwa saa 48 za kwanza. Waliofunguliwa dripu ya haraka, ya aina zote mbili: watoto 2,097, walifariki 221. Ambao hawakuharakishiwa: watoto 1,044, walifariki 76. Funika sehemu inayofuata, chora visanduku vinne, nenda hatua kwa hatua. Makundi haya hayalingani kwa ukubwa. Fomula haijali, lakini vidole vyako vitajali, hasa kwenye hatua ya 5.

Asilimia ni 10.5 na 7.3. Ya pamoja ni 297 ÷ 3,141 = 0.09456. Kosa sanifu ni 0.01108, z ni 2.94, p ni 0.003. Ukitafuta masafa ya uhakika utapata 1.2 hadi 5.3, na tofauti yenyewe ni pointi 3.3 za asilimia: kifo kimoja cha ziada katika kila watoto 31 waliofunguliwa dripu ya haraka.